Ufa Unaotisha na Bomba Lililozibwa: Ukaguzi wa Nyumba Hufichua Nini Kabla Hujanunua

Ubavuni mwa hita ya maji ya tangi, au juu yake, kuna vali ndogo ya shaba yenye kijiti cha kuinua. Kwenye vali hiyo hushuka bomba jembamba ambalo mdomo wake unapaswa kubaki wazi siku zote. Si ajabu, katika nyumba inayouzwa, kuukuta mdomo huo umezibwa kwa kizibo cha plastiki, umefungwa koki, au bomba lenyewe limekunjwa na kukazwa kwa waya. Aliyefanya hivyo hakuwa na nia mbaya. Bomba lilikuwa likidondosha maji kila hita ikiwashwa, sakafu inalowa, akadhani ni kuvuja, akaziba.

Kumbe kudondosha ndiyo kazi yake. Maji yakipata moto hutanuka. Tangi la lita 80 likipashwa kutoka nyuzi 15 hadi nyuzi 60 za Selsiasi, maji yake huongezeka kwa zaidi ya lita moja. Kama kwenye bomba la kuingizia kuna vali inayozuia maji kurudi, na hakuna tangi dogo la kupokea ongezeko, lita hiyo haina pa kupita ila kwenye vali ya usalama. Ukiiziba, umeacha kila kitu mikononi mwa kidhibiti joto. Siku kitakapokwama, maji yatapita nyuzi 100 bila kuchemka, kwa sababu presha inayabana. Tangi likipasuka hapo, maji hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke hutaka nafasi takriban mara 1,600 ya ile ya maji. Hita zimewahi kutoboa paa kwa sababu hiyo.

Mnunuzi anayezungushwa na dalali hatalitazama bomba hilo. Atauona ufa uliokatiza juu ya mlango wa sebule, moyo utamshtuka, na pengine ataikataa nyumba kwa ajili ya ufa ambao fundi angeuziba kwa asubuhi moja. Tumekua na methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa kuta ina ukweli. Lakini katika ukaguzi wa nyumba, kinachotisha macho na kinachoua mtu mara nyingi havikai mahali pamoja. Kazi ya mkaguzi mzuri ni kuvitenganisha, na mnunuzi anayejua tofauti hiyo hununua kwa akili tulivu.

Ukaguzi ni nini, na haufiki wapi

Ukaguzi wa kawaida ni wa macho, mikono na vipimo vyepesi. Mkaguzi havunji ukuta, haking'oi kigae wala hachimbi msingi. Nyumba ya ukubwa wa wastani humchukua saa mbili hadi nne. Akimaliza kwa dakika arobaini, hajapanda darini. Mkobani mwake lazima kuwe na tochi kali, pima maji (kifaa cha kupimia usawa), bisibisi, nyundo ndogo, kipima unyevu, kipima soketi, ngazi na kamera. Kamera ya joto husaidia kuonyesha unyevu na viunganishi vya umeme vinavyochemka, ingawa picha yake ya rangi nyekundu na buluu ni dokezo tu. Doa la buluu ukutani laweza kuwa maji, na laweza kuwa upepo baridi.

Mkaguzi alipwe na mnunuzi na awajibike kwa mnunuzi. Aliyeletwa na muuzaji au dalali, hata akiwa mwaminifu, ana sababu ya kutaka biashara ipite. Nawe uwepo siku hiyo. Ripoti itakuambia vali iko wapi, ila ukisimama pembeni yake utaiona, utaigusa, na utajua namna ya kuifunga siku bomba likipasuka.

Kabla ya siku hiyo, mwambie muuzaji kwa maandishi kwamba maji, umeme na gesi viwe vimewashwa, funguo za kila chumba zipatikane, mlango wa dari ufikike, na makabati makubwa yasogezwe kutoka kwenye kuta za nje. Chumba kilichofungwa siku ya ukaguzi kinahesabika kuwa hakijakaguliwa, na ripoti iseme hivyo waziwazi. Kama unaweza kuchagua siku, chagua siku inayofuata mvua kubwa. Hakuna kipimo kinachoishinda mvua.

Umeme: taa kuwaka si ushahidi

Nyumba yenye umeme hatari huwasha taa vizuri, friji inagandisha na pasi inapata moto. Ndiyo maana eneo hili linahitaji subira kuliko yote.

Tuanze na ethi, yaani waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Kila soketi inapaswa kuwa na nyaya tatu: wa moto unaoleta umeme, wa nyutro unaourudisha, na wa ethi. Vifaa vyote hufanya kazi bila ule wa tatu, kwa hiyo ukikosekana hakuna anayegundua. Kazi yake huonekana siku waya wa moto unapochubuka ndani ya mashine ya kufulia na kugusa bodi ya chuma. Kama ethi ipo, mkondo mkubwa hupita kwenye waya huo na breka, ile swichi inayojikata mkondo ukizidi, hukata mara moja. Kama haipo, bodi ya mashine hukaa na umeme, kimya, ikimsubiri mtu mwenye miguu mibichi.

Mkaguzi huchomeka kipima soketi chenye taa tatu, na mpangilio wa taa humwambia kama nyaya ziko mahali pake. Kifaa hicho ni kizuri, lakini hudanganyika. Hakitofautishi ethi na nyutro zilizobadilishana, wala hakisemi kama ethi inafika ardhini vizuri. Na kuna ujanja mmoja mbaya sana ambao hukipita kabisa. Fungua soketi ya nyumba ya zamani isiyo na waya wa ethi, na waweza kukuta kipande cha waya, urefu wa kidole, kimeunganisha tundu la ethi na la nyutro. Aliyefanya hivyo alitaka taa za kipima ziwake sawasawa. Matokeo yake, nyutro ikikatika mahali popote kabla ya soketi hiyo, bodi za chuma za vifaa vyote vilivyochomekwa hapo hupata volti kamili ya nyumba, bila hitilafu yoyote ndani ya vifaa vyenyewe. Ndiyo maana fundi umeme aliyesajiliwa afungue soketi tatu au nne, hasa za jikoni na bafuni, na asitegemee taa za kipima peke yake.

Swichi ya kukata umeme unaovuja, ile mafundi wanayoiita RCD, nayo hueleweka vibaya. Ya kulinda watu huwa ya miliampea 30. Uvujaji ukifika kiwango hicho, inatakiwa ikate ndani ya milisekunde 300, na ukifika mara tano ya hicho, ndani ya milisekunde 40. Ina kitufe cha majaribio. Kukibonyeza na kuona swichi imekata kunathibitisha kuwa utaratibu wake wa ndani unafanya kazi, basi. Hakuthibitishi kuwa nyumba ina ethi, kwa sababu kitufe hutengeneza uvujaji wake chenyewe ndani ya swichi. Vipimo viwili tofauti vinahitajika: kimoja cha muda wa kukata, kingine cha ubora wa ethi, na vyote fundi hufanya kwa mashine yake.

Kisha kuna breka iliyopandishwa. Kebo ya soketi ya milimita za mraba 2.5 kwa kawaida hulindwa na breka ya ampea 20 ikiwa inakwenda njia moja, yaani inaishia kwenye soketi ya mwisho bila kurudi kwenye breka. Breka ikikata mara kwa mara, fundi asiye makini huiondoa na kuweka ya 32 au 40. Usumbufu unakwisha, hatari inaanza. Joto la waya huongezeka kwa kipeo cha pili cha mkondo: mkondo ukiwa maradufu, joto ni mara nne. Sasa kebo ndiyo itakayoungua, na itaunguia darini au ndani ya ukuta ambako hakuna anayeona. Ulinganisho wa namba iliyoandikwa kwenye breka na unene wa kebo inayotoka chini yake huchukua dakika kumi, na ni miongoni mwa dakika zenye faida kubwa katika ukaguzi mzima. Angalia zaidi laini ya hita ya papo hapo ya kuogea. Hita ya kilowati 5.5 kwenye volti 230 huvuta karibu ampea 24 mfululizo. Inastahili kebo yake peke yake, ya milimita za mraba 4 au 6, na swichi yake. Ukikuta imeungwa kwenye laini ya soketi, gusa kifuniko cha swichi baada ya dakika kumi za maji ya moto. Plastiki iliyogeuka manjano au kahawia imekwisha kueleza yote.

Kwa nyumba yenye miaka mingi, omba pia kipimo cha ukinzani wa insulesheni ya nyaya. Hufanywa umeme ukiwa umezimwa na vifaa vimechomolewa, kwa volti 500. Ukipata chini ya megaomu 1, ganda la nyaya limechoka na bajeti ya kufumua nyaya iingie kwenye hesabu zako.

Gesi ambazo pua haizijui

Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Huzaliwa pale gesi, mkaa, kuni au mafuta yanapoungua bila hewa ya kutosha. Katika nyumba inayouzwa, tafuta hita ya maji ya gesi iliyofungwa ndani ya bafu bila bomba la kutolea moshi nje, au yenye bomba lililotoboka. Mwale wa gesi uwe wa buluu na uliotulia. Mwale wa manjano unaopepea, au masizi meusi juu ya mdomo wa hita, ni dalili ya mwako mbovu.

Kuna jaribio rahisi kwa kifaa kinachotoa moshi kwa mvuto wa asili. Funga madirisha na milango ya nje, washa feni zote za kutoa hewa jikoni na bafuni, kisha washa hita. Baada ya dakika chache, shika ubani unaofuka karibu na mdomo wa juu ambapo moshi huingia kwenye bomba lake. Moshi wa ubani unapaswa kuvutwa ndani. Ukisukumwa nje kuelekea chumbani, feni zimeshinda bomba, na gesi ya sumu inarudi ndani. Usiishi humo hata usiku mmoja kabla ya marekebisho, na ving'ora vya kaboni monoksidi viwekwe karibu na vyumba vya kulala.

Gesi ya mitungi ina tabia nyingine: ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka, hutambaa sakafuni, huingia kwenye chemba za maji na hukaa kwenye shimo au chumba cha chini. Kwa hiyo tundu la hewa lililo karibu na dari halisaidii kitu. Linatakiwa la chini, usawa wa sakafu. Mtungi uliowekwa kando ya mfuniko wa chemba uko mahali pabaya. Viungio vipakwe maji ya sabuni, na mapovu yakitokea, kiungo kinavuja. Mpira wa gesi huwa umepigwa tarehe ubavuni. Usome.

Radoni haina suluhisho la macho kabisa. Ni gesi ya mionzi inayozaliwa ardhini madini ya urani yanapovunjika kidogo kidogo, kisha hupenya kwenye nyufa za sakafu na matundu ya mabomba, na kujikusanya ndani. Baada ya sigara, ndiyo inayohesabiwa miongoni mwa visababishi vikuu vya saratani ya mapafu. Dunia ilizinduka Desemba 1984, pale mfanyakazi wa kituo cha nyuklia cha Limerick, Pennsylvania, alipolizisha ving'ora vya mionzi alipokuwa akiingia kazini, ilhali kinu kilikuwa bado hakijaanza kuzalisha umeme. Mionzi aliitoa nyumbani kwake. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiwango kisichozidi bekereli (kizio cha mionzi) 100 kwa mita ya ujazo, na pale ambapo hilo haliwezekani, kisizidi 300.

Kipimo cha haraka huchukua angalau saa 48, nyumba ikiwa imefungwa madirisha tangu muda wa saa 12 kabla ya kipimo kuanza, kifaa kikiwa kwenye ghorofa ya chini kabisa inayokaliwa, nusu mita au zaidi juu ya sakafu, mbali na upepo. Nyumba mbili zinazopakana zaweza kutofautiana sana, hivyo kipimo cha jirani hakikufai. Kwenye maeneo ya miamba ya matale (graniti), au nyumba yenye chumba cha chini ya ardhi, usikiache. Habari njema ni kwamba dawa yake ni nyepesi: bomba linalotoka chini ya slabu, yaani sakafu ya zege, hadi juu ya paa, na feni ndogo inayovuta hewa ya ardhini kabla haijaingia ndani.

Fuata maji

Sehemu kubwa ya uharibifu wa nyumba, ukiufuatilia hadi mwanzo wake, utakutana na maji. Mkaguzi mzoefu huanzia nje, akitazama paa, mifereji ya paa na mwinuko wa ardhi. Ardhi inayozunguka nyumba ikae angalau sentimita 15 chini ya usawa wa sakafu ya ndani, na iteremke kutoka ukutani, kama sentimita 15 ndani ya mita 3. Bustani nzuri ya maua iliyoinuliwa hadi ikafunika kinga ya unyevu ya ukuta ni pambo linalokula nyumba.

Ndani, jihadhari na rangi mpya mahali pamoja. Nyumba nzima kupakwa rangi kabla ya kuuzwa ni jambo la kawaida. Ukuta mmoja tu, au kipande cha dari kilicho cheupe kuliko kingine, kina historia. Unyevu unaopanda kutoka ardhini huacha mstari wa chumvi na lipu iliyovimba, kwa kawaida chini ya mita moja kutoka sakafuni. Unaotoka kwenye bomba au paa hufanya doa lenye kingo za kahawia. Unaotokana na mvuke wa ndani hukaa kwenye pembe na nyuma ya makabati, na kuvu jeusi hutapakaa bila doa la maji. Inafaa kujua ni upi, kwa sababu dawa zao hazifanani. Dirisha na feni humaliza ule wa tatu na hazigusi ule wa kwanza. Kipima unyevu nacho kisomwe kwa tahadhari, kwani chumvi iliyobaki ukutani hukifanya kionyeshe unyevu hata pale ambapo pamekauka.

Sakafu ya zege ina jaribio lisilogharimu chochote. Bandika kipande cha nailoni nene, sentimita 45 kwa 45, ukikizungushia gundi ya utepe pande zote, kisha ukiache saa 16 au zaidi. Ukikuta matone chini ya nailoni au zege imegeuka nyeusi, unyevu unapanda kutoka chini. Kwa mabomba yaliyofichwa, funga bomba zote, soma mita ya maji, subiri saa moja bila mtu kutumia choo, soma tena. Namba ikisogea, maji yanakwenda mahali.

Panapokuwa na unyevu, mchwa hawako mbali. Mirija yao ya udongo, mipana kama penseli, hupanda juu ya msingi, nyuma ya tangi la maji, ndani ya kabati la sinki. Fremu ya mlango yaweza kuonekana nzima na rangi yake ikang'aa, huku ndani imebaki karatasi. Bisibisi ndiyo shahidi: ikandamize kwenye sentimita kumi za mwisho za fremu, karibu na sakafu. Mbao nzima hukataa. Iliyoliwa hupokea.

Darini, zima tochi kwanza na ukae dakika moja gizani. Mwanga wa jua utakuonyesha kila tundu la paa. Kisha washa na utazame kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa: je, kuna mguu uliokatwa ili kupitisha tangi au bomba? Kenchi hufanya kazi kwa pembetatu, na pembetatu iliyokatwa upande mmoja si pembetatu tena. Feni ya bafu inayomwaga mvuke humo darini badala ya nje ni kosa la mara kwa mara, na mbao za juu yake huoza polepole.

Ufa uupime, usiuogope

Chukua rula. Ufa mwembamba usiozidi milimita 1 ni kazi ya rangi na lipu. Hadi milimita 5, kwa kawaida ni ukarabati wa kawaida, lakini tafuta chanzo. Kuanzia hapo hadi 15, milango na madirisha huanza kukwama, na mhandisi wa majengo aitwe. Zaidi ya hapo, usisaini chochote bila ripoti yake.

Upana si habari yote. Ufa unaokwenda ngazi kwa ngazi kwenye matofali, au unaoanzia kwenye pembe ya dirisha kwa mshazari, huashiria msingi unaotembea. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, mara nyingi upande mmoja wa nyumba unazama. Nenda upande wa pili wa ukuta ule ule: kama ufa upo huko pia, umepita ukuta mzima na si wa lipu. Chungulia ndani yake kwa tochi. Rangi ya zamani au vumbi jingi ndani huonyesha umekaa miaka mingi bila kusogea. Kingo safi na kali ni za karibuni. Ulioshindiliwa lipu na kufunguka tena kandokando ya kiraka ndio wa kuogopa, kwa kuwa umethibitisha kwamba bado unaishi.

Udongo wa mfinyanzi mweusi huvimba ukilowa na kunywea ukikauka, na nyumba iliyokaa juu yake kwa msingi mfupi hupanda na kushuka kila msimu. Bomba la maji taka lililopasuka chini ya pembe ya nyumba hufanya kazi hiyo hiyo kwa haraka zaidi, likiosha udongo. Kwa hiyo ufa wa pembe moja tu hukaguliwa pamoja na chemba iliyo karibu nao.

Kuna hatari isiyo na ufa wowote kwa muda: ukuta wa kubeba uliobomolewa ili sebule iwe pana. Linganisha ramani ya juu na ya chini. Ukuta wa ghorofani ambao chini yake hakuna ukuta wala boriti inayoonekana, na dari ya hapo imelegea hata milimita chache katikati, unadai maelezo na michoro.

Roshani

Roshani inayoning'inia nje bila nguzo hubeba uzito wake kwa kujishikilia upande wa nyumba. Watu wakisimama juu yake, upande wa juu wa zege huvutwa na wa chini hukandamizwa. Zege huvumilia kukandamizwa na huchanika ikivutwa, kwa hiyo nondo kuu za roshani sharti zikae juu, karibu na uso mnaoukanyaga. Fundi aliyezoea slabu za ndani, ambazo katikati yake nondo hukaa chini, akizilaza chini kwenye roshani pia, au vibarua wakizikanyaga na kuzizamisha wakati zege ikimwagwa, roshani hiyo itasimama miaka kwa kuvumilia tu.

Yote haya yamo ndani ya zege. Alama za kutafuta ni ufa unaokwenda sambamba na ukuta, juu ya sakafu ya roshani, pale inapokutana na nyumba, na ncha ya nje iliyoinama. Iweke pima maji. Mteremko mdogo wa kumwaga mvua ni sawa, ila uwe uleule mwanzo hadi mwisho, usiongezeke kuelekea nje. Kifaa cha kutafuta nondo kinaweza kuonyesha zilipo bila kuvunja. Gonga kwa nyundo ndogo upande wa chini: mlio wa mtungi mtupu badala ya mlio mzito huonyesha zege imeachana na nondo. Kutu huchukua nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilicholiwa, na ndiyo inayoisukuma zege ibanduke. Karibu na bahari, chumvi huharakisha yote haya.

Ukiwa hapo, tikisa kizuizi cha pembeni kwa uzito wa mwili wako, kwa uangalifu, na upime nafasi kati ya nguzo zake ndogo. Zaidi ya sentimita 10, kichwa cha mtoto hupita. Kizuizi chenye vyuma vya kulala ni ngazi kwa mtoto wa miaka mitatu.

Sumu ndani ya vifaa vya zamani

Asbesto ilipigwa marufuku Uingereza mwaka 1999, katika Umoja wa Ulaya wote mwaka 2005 na Afrika Kusini mwaka 2008, lakini marufuku hayang'oi paa lililokwisha kuezekwa. Imo kwenye shiti za mawimbi za saruji, mbao za dari, mabomba ya maji ya mvua na vigae vya sakafu vya zamani. Ikiwa nzima na haiguswi, hatari yake ni ndogo. Hatari huja ikitobolewa, ikisagwa, ikikatwa au ikisafishwa kwa maji ya presha, kwa sababu nyuzi zake huingia mapafuni, na ugonjwa hujitokeza miongo kadhaa baadaye. Macho hayaitambui. Sampuli ndogo, iliyolowanishwa na kuchukuliwa na mtu mwenye kinga, hupelekwa maabara. Unachohitaji kujua kabla ya kununua ni kama mipango yako ya kubadilisha paa itageuka kuwa kazi ya wataalamu wenye leseni.

Rangi yenye madini ya risasi ni ya kundi hilo. Marekani iliipiga marufuku majumbani mwaka 1978, nchi nyingine baadaye sana. Mahali pabaya kuliko pote ni madirisha na milango, kwa kuwa kila kufungua na kufunga husaga rangi kuwa vumbi, vumbi huangukia kizingitini, na mtoto hugusa kisha hulamba vidole. Hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Usiipige msasa mkavu. Bomba la maji la risasi nalo hutambulika kwa urahisi: ni la kijivu kilichofifia, ukilikwaruza kwa sarafu hung'aa kama fedha, na sumaku hailishiki.

Maji taka tutayapitia haraka. Fungulia bomba zote kwa dakika 20 na utazame chemba: maji yanayopanda badala ya kwenda yanaeleza kuna mizizi, tope au bomba lililodidimia. Kamera ya bomba ni ya thamani kwa nyumba yenye miti mikubwa. Kisima na tangi la maji taka viachane angalau mita 15, na eneo la ardhi linalonyonya maji taka liwe mita 30 mbali na kisima, ndivyo vipimo vinavyotumika sana. Mfuniko wa zege wa tangi hilo usiukanyage hadi uhakikishe uzima wake. Gesi ya ndani hula zege na nondo kutoka chini huku juu pakionekana imara, na aliyetumbukia hufa kwa gesi hiyo kabla ya kuzama. Asiingie mtu yeyote kumwokoa mwenzake bila vifaa vya kupumulia.

Ripoti ikishafika mezani

Usihesabu kasoro. Nyumba yenye kasoro sitini yaweza kuwa salama kuliko yenye tano. Zipange upya mwenyewe kwa maswali matatu: ipi inaweza kuua usiku wa kwanza, ipi inakula nyumba kila siku ninapochelewa, na ipi ni uchakavu wa kawaida. Utashangaa kuona kundi la kwanza mara nyingi ndilo rahisi kurekebisha: ethi, breka, vali, bomba la moshi. La pili, yaani msingi, paa na unyevu, ndilo la kujadili bei. La tatu liache, usilitumie kumchosha muuzaji kwa bawaba zinazolia.

Pale ripoti inaposema "inahitaji uchunguzi zaidi wa mtaalamu", mkaguzi ameona dalili ambayo hana kipimo chake. Mtaalamu huyo aje kabla ya kusaini, na mkataba uwe na kipengele kinachokuruhusu kujitoa na kurudishiwa arubuni kulingana na matokeo. Muuzaji akiahidi kurekebisha mwenyewe, andikeni nini, kwa kifaa gani, na nani atakagua. Ukuta uliovuja usipakwe rangi kabla chanzo hakijaonekana na kupigwa picha. Kwa kazi nzito, ni afadhali upunguziwe bei uchague fundi wako, maana anayeondoka hutafuta fundi wa kumaliza haraka.

Asubuhi ya kukabidhiwa funguo, nyumba ikiwa tupu, pita tena na ripoti mkononi. Kabati zimeondoka, na kuta za nyuma yake unaziona kwa mara ya kwanza. Chomeka kipima soketi kila chumba, bonyeza kitufe cha RCD, soma mita ya maji, panda dari. Kisha nenda kwenye hita, fuata lile bomba jembamba kutoka kwenye vali hadi mwisho wake, na uhakikishe mdomo uko wazi, unatazama chini, na chini yake hakuna mahali pa mtu kusimama.